Asiyeinamisha Kichwa Si Mkosa Adabu



Hapa Kajiado, kwa desturi ya Wamaasai, mtoto humsalimia mzee kwa kuinamisha kichwa, naye mzee humgusa utosini. Lakini katika kutembelea vikundi tunakutana na mtoto anayekimbia mkono huo. Majirani husema hana adabu, ama karogwa.

Huenda mtoto huyo ana usonji. Mguso mdogo tu, ama honi za matatu pale Kitengela, humsumbua sana. Mwingine ana hali iitwayo ADHD: hatulii, hawezi kungoja zamu yake. Hali hizi hazitokani na malezi mabaya, na kiboko hakiziondoi.

Tufanye nini?

1. Salamu ifundishwe pole pole. Aanze kwa kupunga mkono akiwa mbali, kisha neno moja. Mzee aelezwe mapema asimlazimishe.

2. Apewe rafiki mmoja kwanza, si kundi zima. Warushiane mpira: "Zamu yako, zamu yangu." Dakika 5 zatosha.

3. Akifaulu, asifiwe hapo hapo.

4. Asiyetulia apewe kazi fupi, kama kugawa vikombe vya chai mkutanoni.

Tusimfiche mtoto. Tangu 1984 Kenya ina vituo vya EARC vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum. Mwulizeni mwalimu mkuu kilichoko karibu.

Na chama kikikutana tena, tuulizane: ni mama gani ameacha kuja kwa ajili ya mtoto wake? Twendeni kwake.