Programu ya Chama Imeandikishwa kwa Jina la Nani?

Ndugu wafanyakazi, siku hizi vyama kadhaa vya wafanyakazi vina programu ya simu. Mwanachama wa shambani huona humo michango yake ya mwezi, husoma mkataba wa mishahara, na hupeleka malalamiko juu ya mnyapara bila kupanda lori kwenda ofisi ya tawi. Ni jambo jema nasi tunaliunga mkono. Lakini katika mikutano tunaulizwa tu programu itafika lini na kama itakula bando. Hatujaulizwa bado nani anashika funguo zake.

Programu haifiki kwenye simu yenyewe. Kwa simu za Android hupitia duka la Google liitwalo Play Store, na kwa simu za iPhone hupitia duka la Apple. Anayetaka kuiweka dukani hufungua kwanza akaunti ya watengenezaji. Google hutoza dola 25 mara moja tu, Apple dola 99 kila mwaka. Akaunti yaweza kuwa ya mtu binafsi au ya shirika. Ya shirika hudai karatasi za kuandikishwa pamoja na namba ya tarakimu 9 iitwayo D-U-N-S, na kuipata huchukua siku. Hapo ndipo fundi husema, "Wazee, tutumie akaunti yangu kwanza, mengine tutarekebisha baadaye."

Chama kimoja tunachokijua kilikubali maneno hayo. Fundi akapata kazi Ughaibuni, barua zikakosa majibu. Mkataba mpya ukatiwa sahihi, lakini viwango vya zamani vilikuwa vimeandikwa ndani ya programu, na hakuna mwingine aliyeweza kutoa toleo jipya. Msimamizi wa shamba akawaonyesha wachumaji chai simu zao wenyewe: "Chama chenu ndicho kinasema hivi." Maduka yote mawili huruhusu programu ihamishwe kutoka akaunti moja kwenda nyingine, ila mwenye akaunti ya kwanza lazima akubali. Ilibidi chama kitengeneze nyingine, na makatibu wa matawi wazunguke kambi kwa kambi wakiomba watu waifute ile ya zamani. Na tuseme kweli: yule fundi naye ni mfanyakazi, na fungu lake la mwisho la malipo hakuwa amelipwa.

Akaunti ikiwa ya chama, bado kuna kazi ya kugawa ruhusa. Katika akaunti ya Google yuko mwenye akaunti mmoja tu. Yeye huingiza wengine, kila mmoja kwa anwani yake ya barua pepe, na kila mmoja hupewa ruhusa za kazi yake. Wa kujibu maoni ya wanachama ajibu tu. Mweka hazina aone hesabu za fedha. Anayejaribu toleo jipya apewe ruhusa ya majaribio, asipewe ya kulitoa kwa watu wote. Tena mtu aweza kuwekewa tarehe ya mwisho, baada yake mlango hujifunga wenyewe. Kwa fundi wa mkataba wa miezi mitatu hilo ndilo la kufanya. Apple nao wana mgawo wao, na mwenye akaunti peke yake ndiye hutia sahihi mikataba yao. Ada ya mwaka isipolipwa, programu haipakuliwi tena na wanachama wapya.

Kinachotuudhi ni ile desturi ya neno la siri moja kwa ofisi nzima, limebandikwa ukutani karibu na kalenda. Likitumiwa na watu sita, siku ya uharibifu hutajua ni nani. Mali bila daftari huisha bila habari. Na ruhusa ya kutoa toleo jipya si jambo dogo: aliye nayo aweza kuingiza ndani ya programu amri ya kukusanya majina ya wanachama na kuyapeleka kokote. Sisi tulioandikisha watu usiku, kwa kuogopa ofisi ya mwajiri, tunajua orodha ya majina ina thamani gani.

Mambo haya yameyakuta makampuni makubwa kuliko vyama vyetu. Juni 2014 mtu aliingia katika akaunti ambamo kampuni ya Code Spaces iliendesha kazi zake kwenye mitambo ya Amazon, akadai fedha. Wenyewe walipoanza kubadili maneno ya siri, kumbe alikwisha jifungulia milango mingine, akafuta. Kwa muda wa saa 12 hivi sehemu kubwa ya mali ya wateja ilipotea, na nakala za akiba pia. Kampuni ikafungwa.

Mwaka 2016 wezi walipata ufunguo wa ghala la habari za kampuni ya Uber. Ufunguo huo ulikuwa umeandikwa ndani ya maandishi ya programu, ambayo mafundi huyahifadhi pamoja mahali paitwapo GitHub. Zilichukuliwa habari za watu milioni 57, wakiwamo madereva milioni 7. Kampuni iliwalipa wezi dola 100,000, ikanyamaza hadi Novemba 2017. Mwaka mzima dereva hakujua kwamba namba ya leseni yake iko mikononi mwa watu.

Kwa hiyo, ndugu, mkutano ujao wa tawi mwulizeni katibu: akaunti ni ya chama au ya mtu? Nani wamo ndani yake, na yule aliyeacha kazi mwaka jana ameondolewa? Siku mtu anaporudisha funguo za stoo, siku hiyo hiyo jina lake lifutwe. Nakala za akiba zisikae chini ya ruhusa ile ile. Na ile namba ya pili inayoletwa kwa simu wakati wa kuingia, inafika kwenye laini ya nani? Ikiwa ni laini ya katibu mwenyewe, ataondoka nayo siku atakaposhindwa uchaguzi. Inunuliwe laini kwa jina la chama, simu yake ikae ofisini pamoja na mhuri, na mweka hazina aandike katika daftari kila anayeichukua.