Kutoka Jani Bichi hadi Mafuta Ghafi: Habari za Nikeli na Vanadiamu

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga, linakatiza uwanda wa juu wa kati wa nchi yetu. Katika Mkoa wa Dodoma linapita wilaya za Chemba na Kondoa. Wengi wamekwisha kusikia kwamba mafuta ya Hoima yana nta nyingi, hata ni lazima yapashwe moto hadi nyuzi 50 za Selsiasi ili yatiririke vizuri. Wachache wanajua kwamba katika mafuta ghafi huwamo pia metali, hasa nikeli na vanadiamu.

Metali hizo hupimwa kwa sehemu katika milioni, lakini uchache huo usitudanganye. Mafuta mazito yachomwapo katika tanuri la bwela, vanadiamu huungana na oksijeni na kufanya oksidi inayoyeyuka kwenye nyuzi 690 hivi. Ikikutana na sodiamu huyeyuka mapema zaidi. Majimaji hayo ya moto hula ngozi ya oksidi inayokinga chuma cha pua, na bomba za bwela hutoboka. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta, nikeli na vanadiamu hujikusanya juu ya vichocheo na kuviharibu.

Je, metali hizo zilifikaje humo? Jibu la sehemu yake linaanzia jikoni. Mpishi akitia ndimu katika mchicha unaochemka, kijani kibichi hugeuka rangi ya kahawia. Molekuli ya klorofili ina pete ya atomu yenye naitrojeni nne, na katikati ya pete hiyo imekaa atomu moja ya magnesiamu. Asidi huing'oa magnesiamu na kuweka hidrojeni mahali pake. Katika tope la chini ya ziwa au bahari mambo hayo hutokea polepole, na kwa muda wa mamilioni ya miaka nafasi iliyoachwa hutwaliwa na nikeli, au na vanadiamu iliyoshikamana na oksijeni. Pete hizo huitwa porfirini. Mwaka 1934 mwanakemia Mjerumani Alfred Treibs alizitambua katika mafuta na miamba, akatoa ushahidi mzito kwamba mafuta ya petroli yametokana na viumbe hai.

Metali ipi itashinda? Katika tope la bahari lenye salfa nyingi, nikeli hunaswa na salfa hiyo, na pete huchukuliwa zaidi na vanadiamu. Katika maziwa yasiyo na salfa nyingi, kwa kawaida nikeli huzidi. Basi uwiano wa metali hizi mbili ni kama cheti cha kuzaliwa cha mafuta, ingawa cheti hicho husomwa pamoja na ushahidi mwingine.

Kujua jumla ya metali hakutoshi. Mafuta mawili yanaweza kuwa na kiasi kilekile cha nikeli, lakini katika moja nikeli imo katika porfirini nyepesi zinazopaa na mvuke wakati wa kukeneka, na katika jingine imefungwa ndani ya lami inayobaki chini. Ya kwanza itakifikia kichocheo upesi zaidi. Kwa hiyo yafaa kuzitenga kampaundi kabla ya kuzipima.

Njia ya kuzitenga ni kromatografia, nayo yaweza kuonyeshwa darasani. Twanga majani ya mchicha katika spiriti, mbali na moto, kisha simamisha kipande cha chaki nyeupe katika maji hayo ya kijani. Rangi zitapanda, na kijani na manjano zitaachana njiani, kwa kuwa kila moja hushikwa na chaki kwa nguvu tofauti. Mtaalamu wa mimea Mrusi Mikhail Tswett alitumia unga wa namna ya chaki kutenga rangi za majani mwanzoni mwa karne ya 20. Katika maabara ya mafuta, mahali pa chaki huwa na mrija mwembamba mrefu, na kwa kuwa porfirini hazipai kwa urahisi, mrija huo hutiwa joto kali.

Kila kampaundi itokapo huingia katika spektrometa ya tungamo, ambayo hutenga ioni kwa uzito wake. Porfirini moja ya nikeli huonekana kwenye namba 532. Ondoa nikeli (58), weka vanadiamu na oksijeni (51 na 16), nawe utaikuta ndugu yake kwenye 541. Njia nyingine ni kuivunja kila molekuli katika gesi ya agoni yenye joto la maelfu ya nyuzi na kuhesabu atomu za metali peke yake. Hapo mpimaji awe macho: klorini (35) ikishikana na oksijeni (16) hufanya 51, na chumvi kidogo yaweza kudhaniwa kuwa vanadiamu.

Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania limekuwa likitafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, magharibi na kaskazini ya Singida. Tuseme mchungaji ameona doa jeusi katika udongo wa Wembere. Huenda ni dizeli ya lori lililokwama, na dizeli haina porfirini za kutajika. Lakini iwapo pete za nikeli zitajitokeza kwenye 532, mwanajiolojia atakuwa na sababu ya kurudi kuchimba palepale.