Je, Wajua? Risasi Ndogo ya .22 Ndiyo Shule ya Walenga Shabaha

Iweke kiganjani uitazame. Urefu wake wote, ganda na kichwa, ni kama milimita 25. Kichwa chake cha madini laini ya risasi kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na ukikigusa vidole vinabaki na utelezi, kwa sababu kimepakwa nta au grisi ili kipite mtutuni bila kuuchafua. Ganda la shaba ya njano ni jembamba, na kitako chake kina ukingo uliojitokeza pande zote. Hii ndiyo .22 Long Rifle, mojawapo ya risasi zinazofyatuliwa kwa wingi zaidi duniani. Ukubwa wa bunduki zake hupimwa kwa sehemu za inchi, na sehemu 22 za mia ya inchi ni milimita 5.6.

Asili yake ni Ufaransa. Mwaka 1845 Louis-Nicolas Flobert wa Paris alichukua kifuniko kidogo chenye kemikali ya kulipuka, akakipachika gololi juu yake. Hakutia baruti yoyote. Nguvu yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba matajiri wa Ulaya waliifanya mchezo wa kulenga shabaha sebuleni. Wamarekani waliichukua fikra hiyo wakaiongezea baruti, na mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ikatoa bastola ndogo yenye risasi iitwayo .22 Short. Miaka 30 baadaye, mwaka 1887, kampuni ya Stevens ya jimbo la Massachusetts ilileta ganda refu zaidi lenye kichwa kizito zaidi. Umbo hilo ndilo linalouzwa madukani hadi leo.

Siri ya bei yake imo katika ule ukingo wa kitako. Risasi kubwa za vita na za uwindaji huwa na kiwashio cha pekee kilichopachikwa katikati ya kitako. Risasi ya .22 haina. Kemikali ya kuwashia humwagwa ndani ya ganda, kisha huzungushwa hadi ikaenea ndani ya ukingo wote. Ukivuta triga, pini huubana ukingo huo, kemikali inalipuka na baruti inawaka. Okota ganda lililotumika utaona kidonda kidogo pembeni, pale pini ilipogonga. Vipande ni vichache, kwa hiyo kiwanda hutengeneza mamilioni kwa gharama ndogo.

Lakini urahisi huo una mipaka yake. Ukingo lazima uwe mwembamba ili pini iweze kuubonyeza, na shaba nyembamba haihimili mgandamizo mkubwa. Ndiyo maana risasi ya aina hii haiwezi kukuzwa ikawa na nguvu za kupindukia. Nishati yake inapotoka mtutuni ni kama jouli 140, wakati risasi ya .308 inayotumika kulenga shabaha za mbali hupita jouli 3,000. Kwa mwanafunzi, udhaifu huo ni neema. Bunduki haimpigi bega, mlio haumshtui, naye hajifunzi ile tabia mbaya ya kufumba macho na kukaza misuli kabla risasi haijatoka.

Ndani ya mtutu mna mifuo iliyopinda. Gobore la kizamani lina mtutu laini, na gololi yake hutoka ikiyumba. Mifuo ya bunduki ya .22 kwa kawaida humaliza mzunguko mmoja kila inchi 16, yaani sentimita 40 hivi. Kichwa kikitoka kwa mwendo wa mita 330 kwa sekunde, kinakuwa kinajizungusha zaidi ya mara 800 kila sekunde, na mzunguko huo hukisimamisha hewani kama pia inavyosimama juu ya ncha yake.

Hapo kwenye mwendo ndipo wanunuzi wengi wapya hupotea. Dukani kuna makasha yaliyoandikwa kwamba risasi zake ni za kasi kubwa, na mtu hudhani kasi ndiyo ubora. Kwa .22 mambo ni kinyume. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, zaidi kidogo kukiwa na joto. Risasi ya kasi kubwa huanza juu ya mwendo huo, kisha hewa huipunguza hadi ivuke mpaka wa sauti ikiwa njiani, na pale inapovuka hupata msukosuko unaoweza kuiyumbisha. Zaidi ya hayo, kwa kuwa hewa huipunguza mwendo kwa nguvu zaidi, upepo wa pembeni huisukuma mbali kuliko ile ya polepole. Kwa sababu hiyo risasi za mashindano hutengenezwa ziwe chini ya mwendo wa sauti tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye pesa. Anayeanza mchezo huu hukesha akifikiria bei ya bunduki, lakini bunduki hununuliwa mara moja na risasi hununuliwa maisha yote. Nchini Marekani, ambako mchezo huu una wapenzi wengi, risasi ya kawaida ya .22 kwa kawaida hupatikana kwa chini ya senti 15 za dola. Risasi ya .308 ya kulengea shabaha huzidi dola 1. Anayepiga risasi 100 kila Jumamosi atatumia dola 15 au pungufu kwa .22, na zaidi ya dola 100 kwa .308. Baada ya miezi michache tofauti hiyo inatosha kununua bunduki nyingine. Na jicho halifundwi na ukubwa wa risasi, hufundwa na wingi wa mazoezi.

Zipo ndogo nyingine zinazovutia. Ile ya .17 HMR, iliyotoka mwaka 2002, huruka kwa kasi na kunyooka zaidi, lakini ni ghali kuliko .22. Ya .223 hufaa umbali wa mita 200 au 300, nayo gharama yake huzidi mara kadhaa. Kwa mwenye mfuko mwepesi kabisa ipo bunduki ya upepo yenye kidonge cha milimita 4.5, isiyotumia baruti hata chembe. Usiidharau: katika Olimpiki hupigwa umbali wa mita 10, na alama ya 10 ni nukta ya nusu milimita.

Bunduki yenyewe ichaguliweje? Kwa shabaha, ya bolti, ile unayoipakia kwa mkono kila baada ya mlio, kwa kawaida hukupa usahihi zaidi kwa bei ileile kuliko inayojipakia yenyewe. Ruger 10/22, inayojipakia na iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ni maarufu sana kwa sababu vipuri vyake vimejaa kila mahali, lakini wengi huishia kuibadilisha mtutu na triga hadi gharama inapanda. CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki, ya bolti, hupatikana kwa dola mia kadhaa na hupiga vizuri ikitoka kwenye boksi. Zile za Anschütz za Ujerumani, zinazoonekana Olimpiki, hugharimu maelfu. Kabla ya kulipa, kagua vitu viwili: triga ivutike kwa wepesi bila kukwaruza, na kitako kikukae begani bila kukukunja shingo.

Kwenye darubini watu humwaga pesa bure. Mashindano ya bunduki ya .22 ya Olimpiki hayaruhusu darubini juu ya bunduki. Wachezaji hulenga kupitia tundu dogo, na kwa umbali wa mita 50 hutafuta duara la alama ya 10 lenye kipenyo cha milimita 10.4. Ukitaka darubini, usikimbilie ukuzaji mkubwa, maana hukuza na mtetemo wa mikono yako. Angalia kwanza umbali iliorekebishwa. Darubini za bunduki kubwa huwekwa sawa kwa mita 100 hivi. Ukizitumia kwa mita 50, jicho likihama kidogo, ule msalaba nao huhama juu ya shabaha. Tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya .22, au yenye kirekebishi cha umbali. Kila mlio wa kitufe chake mara nyingi huwa robo ya dakika ya pembe, yaani milimita 7 hivi kwa mita 100, na nusu yake kwa mita 50. Kagua kama ukiizungusha mbele na kuirudisha, risasi zinarudi palepale. Isiporudi, hata kioo kiwe angavu namna gani, haifai.

Jambo la mwisho la kununua ni subira. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti. Nunua kasha moja moja la aina nne au tano, lalia mfuko wa mchanga siku isiyo na upepo, piga risasi tano tano kwenye karatasi kwa mita 50, kisha pima upana wa kila kundi. Ukiipata inayokusanya matundu mahali pamoja, nunua nyingi zenye namba ileile ya toleo. Kampuni kama Eley ya Uingereza na Lapua huwafanyia wachezaji wakubwa kazi hiyohiyo kwenye viwanja vyao vya majaribio.

Kuhusu nafasi ya kifaa mbele ya mtu, kisa cha Matthew Emmons wa Marekani kinatosha. Mwaka 2004 bunduki yake iliharibiwa kwa makusudi miezi michache kabla ya Olimpiki ya Athens. Akaazima nyingine na kutwaa dhahabu ya mita 50 kwa kulala kifudifudi. Siku chache baadaye, katika shindano la mikao mitatu, alikuwa anaongoza akibakiza risasi moja. Aliilenga barabara, lakini kwenye shabaha ya jirani yake. Akapata sifuri na kushuka hadi nafasi ya nane. Bunduki haikuwa na kosa siku zote mbili.

Udogo wa risasi hii usimdanganye mtu. Hubeba zaidi ya kilomita 1, huruka upande ikigonga jiwe au maji, na huua. Haifyatuliwi pasipo kingo ya udongo nyuma ya shabaha, masikio hufunikwa, macho huvikwa miwani, na mikono huoshwa kabla ya kula kwa kuwa madini ya risasi ni sumu. Tanzania na Kenya, bunduki haimilikiwi bila leseni, hata iwe ya mchezo tu. Kwa hiyo anza na sheria na klabu yenye mwalimu, kisha bunduki ya bolti ya .22 yenye mtutu mzuri na darubini ya wastani. Pesa itakayobaki, yote, itie kwenye risasi za mazoezi.