Figo za Jangwani, Maisha ya Mjini

Wakati wa kiangazi, mto Tarach unaopita Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, hubaki mchanga mtupu. Wanawake wa Kiturkana hufukua shimo mpaka kimo cha kiuno, pengine zaidi, wakasubiri maji yajikusanye chini, kisha wakayateka kwa kikombe mpaka mtungi wa lita 20 ujae. Maji hayo ni ya kunywa, ya kupikia na ya kunyweshea mbuzi wachanga. Anayewatazama hawezi kukosa kujiuliza: mwili wa binadamu unawezaje kustahimili kiu ya namna hii, vizazi na vizazi, bila kudhoofika?

Septemba 2025, jibu moja lilichapishwa katika jarida la Science. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, na wa Taasisi ya Bonde la Turkana walishirikiana na wenzao wa Marekani, wakiwemo Amanda Lea wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt na Julien Ayroles wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walisoma jenomu kamili, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya seli, za watu 367. Humo walikuta sehemu nane zenye alama za uteuzi asilia wa karibuni. Sehemu moja iliwashangaza kuliko nyingine. Imo karibu na jeni iitwayo STC1, ambayo hufanya kazi yake ndani ya figo.

Mtu akipungukiwa na maji, ubongo hutoa homoni inayoiamuru figo iyarudishe maji kwenye damu badala ya kuyaacha yatoke na mkojo. Ndiyo maana mkojo wa mwenye kiu huwa mchache na wa rangi nzito. Watafiti walionyesha kwamba homoni hiyo ndiyo inayoiamsha STC1, na kwamba kwa Waturkana jeni hiyo inahusiana na kiwango cha yurea mwilini, ile taka inayobaki baada ya mwili kuvunjavunja protini.

Habari ya yurea si ndogo. Mfugaji wa Turkana anayehama na mifugo hupata sehemu kubwa ya chakula chake, asilimia 70 hadi 80, kutoka kwa wanyama: maziwa, damu na nyama. Mlo wa namna hiyo huipa figo kazi ngumu, maana taka za protini zinahitaji maji ili zitoke, na maji yenyewe hayapo. Kwingineko duniani, mlo uliojaa nyama huweza kuleta jongo, ugonjwa wa maungo unaosababishwa na asidi ya yuriki. Watafiti wanadhani huenda STC1 inaikinga figo dhidi ya mizigo yote miwili, uhaba wa maji na wingi wa taka.

Kwa makadirio yao, mabadiliko hayo yalianza kushika kasi kati ya miaka 5,000 na 8,000 iliyopita, wakati kaskazini mwa Kenya ilipokuwa ikikauka. Kabla ya hapo, Ziwa Turkana lilikuwa kubwa zaidi na nchi ilikuwa na mvua. Ukame ulipozidi, waliozaliwa na figo zenye kubana maji walipona kiangazi, wakazaa, na watoto wao wakairithi sifa hiyo. Alama kama hiyo imeonekana pia kwa majirani zao Wadaasanach.

Hapa ndipo sayansi inapoigusa zahanati. Charles Miano, mmoja wa watafiti hao kutoka KEMRI, ameeleza kwamba takriban asilimia 90 ya watu waliopimwa walionekana kupungukiwa na maji mwilini, lakini kwa jumla walikuwa na afya njema. Vipimo vinavyotumika hospitalini vimetokana kwa sehemu kubwa na miili ya watu wa Ulaya na Marekani. Daktari kijana aliyepangiwa kazi mjini Lodwar, akisoma majibu ya maabara kwa kipimo hicho peke yake, anaweza kumtibu mtu asiyeumwa. Anaweza pia kulikosa tatizo lililopo kweli.

Na tatizo lipo, kwa sababu maisha yanabadilika. Lodwar ya leo ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ambayo ilikuwa na watu 926,976 kwa sensa ya 2019. Kuna benki, vyuo, bodaboda na maduka ya jumla. Kakuma nayo imekuwa mji mkubwa tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992. Mturkana anayeishi kando ya kambi huuza kuni na makaa, akanunua unga wa mahindi, sukari na mafuta ya kupikia. Mtoto aliyekuwa anywe maziwa ya ngamia asubuhi sasa anakunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi.

Mwaka 2020 baadhi ya watafiti haohao walichapisha katika jarida la Science Advances matokeo ya kuwapima Waturkana wazima zaidi ya 1,200. Waliwagawa katika makundi matatu: wafugaji wanaohamahama, waliotulia vijijini wakiuza makaa au vikapu, na waliohamia miji ya kati mwa Kenya. Makundi mawili ya kwanza yalikaribiana sana kiafya. Kundi la tatu ndilo lililokuwa na dalili mbaya za moyo, unene na sukari. Tena madhara hayakutokana na maisha ya utu uzima peke yake. Mazingira ambamo mtu alizaliwa pia yaliongeza uzito wake katika afya yake ya baadaye.

Matokeo hayo ni habari njema na onyo kwa wakati mmoja. Kuacha kuhama hakumharibu mtu afya mara moja, na hilo linawahusu wengi wanaoishi pembezoni mwa Kakuma leo. Hatari inakuja maisha yakigeuka kabisa kuwa ya mjini, pale mwili uliozoea kubana kila tone na kila chembe ya nguvu unapokutana na chakula cha dukani kisichokatika na kazi ya kukaa kitako. Utafiti wa 2025 unaelekea hukohuko: urithi uliomwokoa babu jangwani unaweza kumsumbua mjukuu mjini. Jeni lakini si hukumu. Mlo na mwenendo vina nafasi yao, na hivyo vinaweza kubadilishwa.

Heshima ya kazi hii imetokana pia na namna ilivyofanyika. Ayroles amesema maswali ya utafiti yalizaliwa katika mazungumzo na wazee wa Turkana. Watafiti hao walitangaza kwamba wangeandaa podikasti kwa lugha ya Kiturkana ili matokeo yawarudie wenyewe. Hilo ni deni la haki. Aliyetoa damu yake chini ya mgunga ana haki ya kusikia, kwa lugha aliyozaliwa nayo, damu hiyo ilisema nini, na kabla ya msomaji wa Nairobi au London.

Serikali ya kaunti haihitaji kusubiri utafiti mwingine ili ianze. Mwaka 2023 Kenya iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya kupima presha na kipimo cha sukari. Wanaopita nyumba kwa nyumba Lodwar, Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei waongezewe maswali mawili tu kwenye fomu zao: ulizaliwa wapi, na umekaa mjini miaka mingapi? Majibu yake yatawaonyesha nani apimwe mapema, kabla presha haijamwangusha.