Wengi Wape: Juu ya Ridhaa ya Wapiga Kura na Ukataji wa Mipaka ya Uchaguzi

Methali yetu yasema, Wengi wape. Na kwa watu wengi hiyo ndiyo demokrasi kwa maneno mawili. Katika makala haya nakusudia kuuliza iwapo wengi waweza pia kupewa mamlaka ya kuamua kura ya wachache iwe na uzito gani. Mfano wangu ni wa Marekani, ambako swali hili liliwekwa mbele ya wapiga kura wenyewe mwaka 2025.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Mwaka 1812 Elbridge Gerry, Gavana wa Massachusetts, alitia sahihi sheria iliyokata upya wilaya za kuchagulia Seneti ya jimbo hilo ili kukifaa chama chake. Wilaya moja ilipindapinda hata gazeti moja la Boston likaichora kwa mfano wa salamanda, mnyama afananaye na mjusi. Jina la Gavana likaungwa na mkia wa jina la mnyama huyo, na Kiingereza kikapata neno gerrymander. Katika uchaguzi wa mwaka huo chama cha Gerry kilipata kura 50,164 na viti 29. Wapinzani wao walipata kura 51,766 na viti 11 tu. Gerry mwenyewe alishindwa katika ugavana, kwa maana huko jimbo zima lilipiga kura pamoja, wala hapakuwa na mpaka wa kukatwa.

Hila hiyo ni ya hesabu. Tuchukue wapiga kura 50 katika wilaya 5 za watu kumi kumi. 30 ni wa chama cha kwanza, 20 ni wa chama cha pili. Mkataji akiwarundika watu 18 wa chama cha kwanza katika wilaya mbili, tisa tisa, na kuwatawanya 12 waliosalia katika tatu nyingine, wanne wanne, basi chama cha pili chenye watu 20 hupata viti vitatu kati ya vitano. Hakuna kura iliyoibwa, na hata hivyo wachache wametawala.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mahakama za shirikisho hazina uwezo wa kuhukumu mashauri ya ukataji wa namna hii unaofanywa kwa upendeleo wa chama. Agosti 2025 Bunge la Texas lilipitisha ramani mpya iliyokusudiwa kukiongezea chama cha Republican viti 5 katika Baraza la Wawakilishi. Wananchi hawakuulizwa. Viongozi wa California, walio wa chama cha Democratic, wakatunga ramani yao ya kujibu, nao wakaipeleka kwa wapiga kura tarehe 4 Novemba 2025. Takriban asilimia 64 waliikubali, itumike katika chaguzi za 2026, 2028 na 2030.

Je, kukubaliwa huko kwaitakasa ramani? Lugha yetu yatusaidia hapa, kwani yatofautisha idhini na ridhaa. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka. Ridhaa hutoka kwa yule litakayempata jambo. Wengi wa California walitoa idhini. Lakini mzigo uliwaangukia wale ambao kura zao zingepungua uzito, na ridhaa yao haikupatikana, wala wengi hawakuweza kuitoa kwa niaba yao.

Watetezi watajibu kwamba dawa ya moto ni moto. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Ramani ya California ilionyeshwa kabla ya kura, ikawekewa kikomo, na nia yake haikufichwa. Kwa hiyo haina doa la udanganyifu, na katika hilo yaishinda ile ya Texas. Lakini moto uliwashwa Texas, na walioungua ni wapiga kura wa Republican wa California, ambao hawakuushika mwenge.

Wapiga kura wa California hiyohiyo walikuwa wamewahi kutoa kibali cha namna nyingine. Mwaka 2008 waliunda tume ya wananchi ya kukata wilaya za bunge la jimbo, na mwaka 2010 wakaipa pia wilaya za Baraza la Wawakilishi. Walikubali kanuni kabla ya kuona ramani, kila mmoja akijua kwamba yaweza kumfaa au kumdhuru. Mwaka 2025 walikubali ramani ambayo mshindi wake alikwisha kujulikana. Kura ya kwanza iliweka sheria ya mchezo. Ya pili iliamua matokeo yake.

Basi methali ibaki na maana yake. Wengi wape kilicho haki yao. Methali haikuongeza kwamba wachache wanyang'anywe chao. Mahali ambapo mahakama imejitoa, wapiga kura ndio mahakimu waliosalia, na hakimu hapaswi kuhukumu shauri ambalo yeye mwenyewe ni mdai.