Deki na Prosesa Zisipoelewana
Diski ya Blu-ray inacheza, spika tano na sabufa zimepangwa sebuleni, lakini sauti inatoka mbele tu. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Deki na prosesa ya sauti hazijaelewana.

Sauti ya filamu hufungwa kwenye diski ili ichukue nafasi ndogo, na lazima ifunguliwe kabla ya kufika kwenye spika. Mtu akichagua "Bitstream" kwenye menyu ya deki, sauti hutumwa ikiwa bado imefungwa na prosesa ndiyo huifungua. Akichagua "PCM", deki huifungua yenyewe.

Hapo ndipo waya unapoleta tofauti kubwa. Waya wa mwanga, ule wenye taa nyekundu kwenye ncha, hupitisha vizuri Dolby Digital au DTS ya kawaida yenye chaneli 5.1. Sauti iliyokwisha kufunguliwa, hata hivyo, hupita kwa chaneli mbili tu, kushoto na kulia. Spika za nyuma hubaki kimya. Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio hazipiti humo kabisa. Zinahitaji HDMI, na kuzituma zikiwa zimefungwa kuliwezekana kuanzia toleo la 1.3, mwaka 2006.

Wenye mashine za zamani hawakuachwa, na jambo hilo linastahili sifa: DTS-HD hubeba ndani yake DTS ya kawaida, ambayo prosesa kuukuu huisoma bila shida.

Mtego mwingine ni kipengele cha menyu ya deki kiitwacho "Secondary Audio". Kikiwashwa, deki nyingi huchanganya milio ya menyu na sauti ya filamu, kisha huifunga upya kwa ubora wa chini, hata kwa HDMI. Ni bora kizimwe.