MZAZI MWENYE KISUKARI NA MALEZI YA WATOTO WADOGO

Mtu aliyethibitishwa na daktari kuwa ana maradhi ya kisukari hutakiwa kuangalia chakula chake kila siku, si siku za kuumwa peke yake. Agizo hilo ni jepesi kulitamka, lakini kwa mzazi mwenye watoto wadogo utekelezaji wake una mashaka. Mtoto hulilia uji saa ile ile ambayo mzazi angepaswa kula, mkaa hautoshi kupikia mara mbili, na sinia ni moja kwa watu wote. Aghalabu mgonjwa hupika vyakula mbalimbali kwa siku chache, akachoka, kisha akayaacha masharti yote. Inafaa basi wananchi waelezwe namna ya kuyafuata kwa kadiri ya uwezo wa nyumba ya kawaida.

Kwanza, chungu kimoja kinatosha. Wali, muhogo, ndizi, viazi, ugali na mkate vikishaliwa hugeuka sukari katika damu. Hata hivyo, mgonjwa hakatazwi vyakula hivyo. Atakiwalo ni kuvipunguza. Kipimo chepesi ni sahani: nusu yake iwe mboga kama mchicha, matembele au bamia, robo iwe samaki, kunde au choroko, na robo iliyobaki ndiyo ya wali au muhogo. Katika sinia mtu hawezi kujua amekula kiasi gani. Kwa hiyo mgonjwa ajipakulie sahani yake kabla ya chakula kutengwa, kisha aketi na wenzake kama desturi. Sukari ya chai nayo itiwe kikombeni na kila anayeitaka, isitiwe katika birika.

Pili, masharti hayo ni ya mgonjwa, si ya mtoto. Mtoto mchanga hutosheka na maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Baada ya hapo huanzishwa vyakula vyengine, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Wa miezi 6 hadi 8 alishwe mara 2 hadi 3 kwa siku, na wa miezi 9 hadi 23 alishwe mara 3 hadi 4. Kwa kuwa tumbo lake ni dogo, uji wa majimaji haumfai. Apewe uji mzito uliotiwa tui au mafuta kidogo, pamoja na samaki au kunde zilizopondwa. Kumnyima mtoto vitu hivyo kwa sababu mzazi wake amekatazwa ni kumdhoofisha. Mgonjwa aliyeagizwa kupunguza mafuta apakue mchuzi wake kabla tui zito halijamiminwa, na chungu kibakie kuwa kile kile. Ama soda na maji ya matunda yaliyotiwa sukari hayamfai mzazi wala mtoto, na asali asipewe mtoto asiyetimiza mwaka 1.

Tatu, mabaki ya watoto nayo ni chakula. Mzazi humaliza nusu andazi, vijiko viwili vya uji wa sukari na tonge lililosazwa, akadhani hajala kitu. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto apakuliwe kidogo, na akimaliza aongezwe.

Nne, na hili ndilo la hatari zaidi, mgonjwa asicheleweshe chakula chake kwa ajili ya kuwalisha watoto. Anayetumia sindano za insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, akikawia kula sukari yake huweza kushuka ghafla. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, hata kuzimia, naye pengine amempakata mtoto au yuko mbele ya moto. Kwa mama anayetumia insulini, kunyonyesha huweza kuishusha sukari zaidi. Basi ale kwanza, au ale pamoja na watoto. Asingoje hadi walale.

Akiona dalili hizo amweke mtoto mahali pa salama, kisha anywe vijiko vidogo vitatu vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Baada ya dakika 15, ikiwa hajapata nafuu, arudie. Akipata nafuu ale chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, bali apelekwe hospitali mara moja. Watoto wakubwa wafundishwe sukari inapowekwa na jirani wa kumwita.

Mgonjwa anayekusudia kufunga Ramadhani, hasa mjamzito au anayenyonyesha, amwone daktari kabla mwezi haujaandama, wala asibadili dawa kwa rai yake mwenyewe.

Mwisho, wagonjwa wanapokwenda kituo cha afya wasiitikie tu kila waambiwalo. Wamweleze daktari nani anayepika nyumbani, watoto ni wangapi na chakula huliwa saa ngapi. Sharti lisilowezekana lisemwe hapo hapo ili lirekebishwe, kwani dogo linalofuatwa kila siku lina manufaa kuliko kubwa linaloachwa baada ya wiki. Na waume, mabibi na ndugu waliomo nyumbani wanaombwa wampokee mtoto kwa muda, ili mgonjwa apate kula kwa wakati.